Kivuli cha Saa Nne

Mashine yangu ya Soweto ina kadi ya picha nzito kama tofali.
Niliilipa kwa miezi kumi na minne,
na usiku ikifanya kazi chumba kizima hupata joto la tanuri la mkate.
Humo niliujenga mlima.
Pembetatu milioni sita nikazishona
hadi mabonde ya Uru yakakaa kwenye kioo;
maji ya chini ya ardhi nikayapa samawati ya kuona hadi ndani,
nikaongeza ukungu, mng'ao, jua linalotembea na saa,
kila mfongo na kivuli chake.
Nikautazama mpaka chai ikashika utando.

Jumanne nikaupeleka Uru kwenye fleshi.

Ofisi ya maji: chumba kimoja, kalenda ya mwaka juzi,
mita zilizokufa zimepangwa dirishani,
na kompyuta aliyoirithi Elinaike
kutoka shule iliyoirithi kwa wafadhili
walioirithi sijui kwa nani.
Kumbukumbu gigabaiti mbili. Herufi R imeng'oka,
pamebaki kidonda cha mpira anachokidonoa kwa kalamu.
Tukafungua.
Feni ikalia kama nyigu ndani ya kopo.
Mlima ukaja vipandevipande: kwanza bega,
kisha kimya,
kisha nusu ya bonde, kijivu,
kisha kimya kirefu ambacho Elinaike alikitumia
kumwandikia mtu risiti,
kumrudishia chenji,
na kuniuliza kama nimekula.
Picha ikakwama hapo.
"Mzuri," akasema. "Unafika lini?"

Mtu hujikuna ajipatapo, husema watu.
Mimi nilikuwa nimemtia mwenzangu mwasho
mahali mkono wake haufiki.

Nikarudi mjini nikashika kisu.
Ukungu, toka. Mng'ao, toka.
Samawati nikaifanya rangi bapa, kama kuta za zahanati.
Pembetatu milioni sita zikawa elfu arobaini;
mlima ukakonda, ukabaki mifupa na heshima.
Jua nikalizima. Vivuli vikafa vyote.
Nikajisifu njia nzima ya kupanda.

Safari hii ulifunguka kwa pumzi moja.
Elinaike akauzungusha, mwepesi kama ungo.
Akauzungusha tena.
"Kile kivuli kimeenda wapi?"
Kipi?
"Cha hapa, chini ya ukingo. Saa nne asubuhi.
Picha yako ilikwama, lakini ilikwama hapo,
nikashinda nayo siku nzima.
Mfongo wa kwa Temba hukauka wa kwanza,
tukasema wa juu wanaiba, watu wakashikiana majembe.
Kumbe upande ule jua huwahi,
na huu hubaki na umande mpaka saa nne.
Si wizi. Tumepanga zamu vibaya.
Nilitaka kuwaonyesha Alhamisi."

Sikuwa na la kujibu.
Nilichokiita pambo ndicho alichokuwa akikisoma.

Usiku ule nikaiachia tofali langu kazi.
Likapiga hesabu ya jua toka saa moja hadi saa kumi na mbili,
mwamba kwa mwamba, likipumua joto,
mimi nimelala na dirisha wazi.
Alfajiri kulikuwa na vivuli kumi na viwili, vimekauka,
nikavipaka juu ya ngozi ya mlima kama hina.
Kompyuta ya Uru haikuombwa kufikiri chochote.
Iliombwa kukumbuka tu.

Jua sasa haliteleza. Linaruka, saa hadi saa,
kama mtu avukaye mto kwa mawe.
Ukungu haupo, na siri yangu ni hii: naukosa.

Alhamisi wajumbe kumi na mmoja walijibana kwenye skrini moja.
Elinaike akagusa saa nne.
Bwana mmoja wa kwa Temba akavua kofia,
akasogea, akaangalia shamba lake kwa muda,
akasema, "Basi mnipe zamu ya alfajiri."

Baadaye akalihifadhi faili kwa jina la mahali.
U.
Akatafuta kalamu.
R.
U.